Sekibo na Paa la Mama Mkwe

Mfungwa Sekibo aliomba ruhusa ya kutoka gerezani mchana akasomee ujenzi katika chuo cha ufundi. Mkuu wa gereza, Afande Mwakalobo, akakataa.

"Wewe hustahili chuo. Kesho utakwenda kumbadilishia mama mkwe wangu paa."

"Sawa, afande."

Kesho yake jioni, afande alirudi nyumbani akamkuta mama mkwe sebuleni, na kitanda chake, masufuria na kuku.

"Baba, yule kijana ameshusha mabati yote. Nitakaa hapa mpaka amalize."

Afande alirudi gerezani mbio. "Sekibo, mbona hujaezeka?"

"Kushusha najua, afande. Kuezeka wanafundisha chuoni, miezi sita."

Afande akasaini ruhusa palepale, kisha akauliza kwa unyonge, "Na Jumapili hawafundishi?"