Bi Kibibi Aliyekataa Kufagia

Asiyesema amefika, bado yuko njiani.

Mama yenu mdogo kamrushia Rehani maneno hayo kwenye simu sasa hivi, mkacheka. Rehani karudi chuoni Morogoro tangu juzi, kimya, kama mzigo uliopakiwa kwenye lori. Mmecheka, halafu mnaniuliza hii ni methali ya wahenga gani. Si ya wahenga. Hao wahenga mnaowataja walikufa hawajaisikia. Methali hii imezaliwa katika ua huu huu, mimi nikiwapo, na aliyeizaa ni jirani yangu Bi Kibibi, wa nyumba ile ya mlango wa kijani. Basi endeleeni kuchambua choroko, nami niwaambie ilivyoanza. Mnasikiliza kwa masikio, mikono haina udhuru.

Bi Kibibi alijaliwa mtoto mmoja tu, Hidaya. Hidaya aliolewa na Mbaraka, kijana wa hapa hapa Tanga, mpole, mtu wa watu. Wakaenda zao Uswidi. Mbaraka akawa dereva wa basi huko, Hidaya akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Wakazaa watoto wawili, Nasra na mdogo wake Twalha. Ikapita miaka hawajakanyaga hapa. Mara nauli haitoshi, mara makaratasi hayajawa sawa, mara mtoto mchanga. Mwishowe, Desemba moja, wakaja wote wanne.

Mwezi ule ua ulichangamka. Nasra alijifunza kukuna nazi, akajikuna na kidole. Twalha haogi mpaka akimbizwe. Bi Kibibi alipika kila kitu, hata vile ambavyo mwenyewe alishaacha kuvila kwa sababu ya tumbo. Mimi nikawa namtania, "Mwenzangu, wageni wako wakiondoka utabaki mifupa." Anacheka mpaka anashika ukuta.

Hidaya hakuwa akicheka. Alikuwa anamwangalia mama yake anavyomimina chai. Mkono unatetemeka, chai nusu inaingia kikombeni, nusu kwenye kisahani. Alipomwacha miaka ile, mkono ule ulikuwa unatwanga kisamvu asubuhi nzima bila kubadilishana na mtu. Alikuwa anachukua kitambaa, anafuta, anatazama pembeni.

Siku ya safari ikafika. Siku ya kuondoka haichelewi hata siku moja. Bi Kibibi akawasomea dua pale mlangoni, akawashika vichwa mmoja mmoja, akasema neno moja tu, "Mkifika mniambie." Gari likaondoka.

Sasa ninyi wa siku hizi mtaona ni upuuzi, lakini sisi tulikuta hivi: msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka ijulikane amefika. Ukifagia nyuma yake, unamfagia na yeye. Kuamini au kutoamini, shauri yako. Bi Kibibi aliamini. Aliliegemeza fagio lake la chelewa nyuma ya mlango, akakaa kungoja simu.

Simu ikaja. Mbaraka huyo. "Mama, tumefika salama. Ni baridi tu."

"Alhamdulillahi. Nipe Hidaya."

"Amelala, mama. Safari imemchosha."

Mimi niliposikia wamefika nikatoka na fagio langu. Majani ya mti wa mkungu yalikuwa yamejaa ua mzima, na ua wenyewe ni wetu sote. Bi Kibibi akanitazama tu. Akaniambia, "Fagia upande wako. Wangu bado."

"Bado nini tena? Si wamefika?"

"Watatu wamefika. Mmoja bado."

Nikadhani ni utani. Kesho yake akapiga yeye, akaambiwa Hidaya yuko bafuni. Siku nyingine Hidaya anasali. Siku nyingine katoka kidogo, kaenda dukani. Majani yanaongezeka, upepo unayaleta kwangu, naye kakaa kwenye kigoda chake kama hayaoni. Nikamvaa. Nikamwambia, "Wewe mwanamke, mtoto wako hajapotea. Mume wake kakwambia kwa kinywa chake kwamba wamefika."

"Mume wake kasema lake," akanijibu. "Kufika hakusemewi."

Niliingia ndani siku hiyo, nikachungulia chumba walicholala wale watoto. Makombo ya biskuti yako vilevile sakafuni, mchanga wa miguu ya Twalha uko vilevile, na nywele za Nasra zilizoanguka siku ya kusukwa ziko chini ya dirisha. Sisimizi wamejitengenezea barabara yao. Mimi napenda usafi, na niwaambie kweli, mwili ulinisisimka.

Kule Uswidi mambo yalikuwa hivi, na haya alinisimulia Hidaya mwenyewe, safari nyingine alipokuja.

Walirudi kwenye kiza. Mwezi wa kwanza kule, alasiri jua limeshazama, na nyumba iliyofungwa mwezi mzima ilikuwa na ubaridi wa kisima. Mbaraka akarudi kwenye basi lake. Watoto wakarudi shule, siku mbili tatu wakanung'unika, kisha wakazoea, ndivyo watoto walivyo. Hidaya naye akaenda kazini. Siku hiyo hiyo ya kwanza akawa anammiminia kahawa bibi mmoja mzee wa pale. Yule bibi akanyoosha mkono apokee kikombe, mkono ukatetemeka, kahawa ikamwagika mezani.

Hidaya akaliweka birika chini, akavaa koti lake, akaenda nyumbani. Hakumuaga mtu. Aliniambia, "Shangazi, niliona haya mbele ya Mungu. Nalipwa mshahara nimtunze mama wa mtu, na mama yangu anajimwagia chai peke yake."

Tangu hapo hakutoka tena. Alilala na koti. Kazini wakapiga simu, wakasema watamvumilia kidogo, baadaye nafasi itakuwa ya mwingine. Mumewe akamwambia, naye akamjibu akiwa amegeukia ukutani, "Mimi narudi kwa mama. Wewe baki na watoto." Mbaraka akamuuliza atakaa huko muda gani. Hakujibu. Akauliza tena. Hakujibu, na hapo ndipo Mbaraka alipoelewa kwamba mke wake hazungumzii matembezi.

Na kila simu ya Bi Kibibi ilipolia, Hidaya alikuwa anavuta blanketi mpaka kichwani. Alijua akiisikia ile sauti tu, atasema nakuja, na akishasema, hataweza kulirudisha neno lake. Mbaraka maskini ndiye akawa wa kutunga. Amelala, yuko bafuni, anasali. Alikuwa anaficha aibu ya nyumba yake, akitumaini kesho itakuwa nafuu.

Ijumaa moja, baada ya magharibi, mimi nilikuwa kwa Bi Kibibi tunakunywa chai. Simu yake ilikuwa kile kiswaswadu cha vitufe, na kwa kuwa masikio yalishaanza kumwangusha, alikuwa anaweka sauti kubwa. Nikasikia yote.

"Mama," Mbaraka akasema, "nimekuwa nakudanganya. Hidaya halali wala hatoki. Hataki simu yako. Anataka arudi huko kwako, atuache." Akamweleza na habari ya yule bibi wa kahawa, yote. Mwisho akasema, "Mama, mimi nimeshindwa," na sauti ikamkatika. Mwanamume mzima yule, nilimwonea huruma.

Bi Kibibi hakushtuka. "Nilijua, baba. Umejitahidi."

Mimi nikamgusa kwa kiwiko. Nikamnong'oneza, "Mwite aje. Wewe mwenyewe hali yako si unaijua? Mwambie aje."

Akaifunika simu kwa kanga, akanigeukia. "Nikimwita atakuja," akasema. "Ndiyo maana simwiti."

Kisha akaifunua. "Mbaraka, mwekee simu sikioni. Asiseme kitu. Asikilize tu."

Tukasikia mlango, tukasikia hatua, kisha mtu anapumua.

"Hidaya, mwanangu," Bi Kibibi akaanza, na sauti yake ilikuwa ile ya kumwamsha mtoto ale daku. "Mimi mama yako. Sikukasirikii. Ila nyumba sijaifagia. Mumeo kaniambia mmefika, na wanao wameniambia wamefika, lakini wewe hujaniambia. Asiyesema amefika, bado yuko njiani. Kwa hiyo mimi nakungoja bado."

Halafu Hidaya akasema, kwa sauti ndogo kama ya mgonjwa, "Mama, nikisema nimefika, ndiyo nimekuacha."

"Umeniacha, ndiyo," Bi Kibibi akasema. "Na mimi nilimwacha mama yangu kule Mkinga nikaja kuolewa mjini. Nilimwacha, lakini alijua nilipo. Akiamka alfajiri kuniombea, alijua dua anaipeleka wapi. Wewe sasa hivi kwangu hupo, na kwa wanao hupo. Nikinyanyua mikono nikuombee, dua yangu naituma wapi, Hidaya? Niambie, niitume wapi?"

Hidaya akalia. Alilia kilio cha kuziba pumzi, na Mbaraka tukamsikia anasema pole, pole.

"Mkono wako, mama," Hidaya akasema. "Nani anakumiminia chai?"

"Huyu jirani yangu mkorofi yuko hapa, hana kazi ya maana, atanimiminia. Na yule bibi uliyemwacha na kikombe chake, naye ana mwanawe yuko mbali, au hana kabisa. Nenda ukammiminie. Sikulazimishi kesho. Mtu aliye njiani hakimbizwi. Ila ujue kwamba mimi niko mlangoni, na sitaingia ndani mpaka unipigie mwenyewe."

Akakata. Mimi nilipandwa na hasira. Nikamwambia, "Umemfungia mtoto wako mlango wa kwao." Nilikuwa na mengine ya kusema, mnanijua, lakini nikamwona usoni, yakaniishia.

"Namtaka," akaniambia. "Usifikiri simtaki. Usiku naamka naivuta harufu ya mto aliolalia. Lakini nikimpata mimi, wale wawili watamkosa. Watakaa kungoja simu kama mimi hapa. Wadogo wale. Nitakuwa nimewafundisha mimi, bibi yao."

Nikachukua birika, nikammiminia chai.

Siku zikapita. Watu wa mtaa wakaanza kumsema, kwamba mama wa watu uzee umemwingia, anaishi kwenye takataka. Walikuja wasichana wa jirani na mafagio yao, kwa nia njema, akawarudisha kwa upole. Na mimi, niliyekuwa wa kwanza kulalamika, nikajikuta nasimama mlangoni pake naye kila jioni, natazama ile simu.

Ikalia asubuhi, tunakoroga uji. Sauti ya Hidaya, anahema kama anapanda kilima, na nyuma yake magari yanapita.

"Mama, niko nje. Theluji imenifika magotini. Nimempeleka Twalha shule, sasa naenda kazini. Nilikwenda jana kuomba radhi, wamenipokea." Akavuta pumzi. "Mama, nimefika."

Bi Kibibi alifumba macho. Nilidhani atashangilia, nilidhani atapiga vigelegele. Alisema lile ambalo mzazi yeyote wa hapa humwambia mtoto wake aliyetoka mbali, lile tunalosema kila siku bila kulifikiria.

"Pole na safari, mwanangu."

Walilia wote wawili, mmoja kwenye theluji, mwingine mbele ya sufuria ya uji, na mimi nisiyeulizwa nikalia pia. Uji ukaungua.

Alipokata simu alikwenda kulichukua fagio. Nikataka kumpokea, akaninyima. Aliingia kile chumba cha watoto, akaanza kwenye kona. Nilisimama mlangoni nikamwona anafika kwenye ule mchanga wa miguu ya Twalha. Alisimama pale kitambo, ameshika fagio, mkono unatetemeka. Ndipo nilipoelewa kwamba kumbe alikuwa anamwomba Hidaya jambo ambalo na yeye lilimgharimu, maana alichokuwa nacho cha wale watoto kilikuwa ni kile tu, mchanga na makombo na unywele. Akainama akafagia. Akafagia chumba chote, akatoka akafagia ua mpaka upande wangu. Kisha akakaa, akasema ana njaa, akala kile kiporo cha jana chote peke yake.

Wale wasichana waliorudishwa na mafagio yao waliuliza kwa nini leo kakubali kufagia, nikawaambia maneno aliyoyasema kwenye simu. Wao wakayapeleka kisimani, kisima kikayapeleka sokoni. Siku hizi mnayatumia kwa mzaha, kwa mtu aliyepanda basi akasahau kupiga simu, na si vibaya, Rehani kastahili. Lakini mkimwona mtu amerudi alikokuwa akiishi na kufanya kazi, yupo kwa mwili, mnamsemesha hasikii, msimkimbize, na msimsemee kwa watu kwamba keshazoea. Mngojeeni aseme kwa kinywa chake. Kwani asiyesema amefika, bado yuko njiani.