Shangazi Aliyegeuka Zambarau

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe unayetafuna muhogo, meza kwanza. Na nyinyi wawili mnaofinyana huko nyuma, acheni. Hadithi hii ina ugomvi wa kuwatosha nyote, hamna haja ya kuja na wenu. Kimya kimeingia? Haya, tegeni masikio.

Hapo kale si kale sana, Tabora, mtaa wa Ng'ambo, aliishi mpiga picha akiitwa Mzee Kapera. Alipokufa aliacha watoto watatu, na tangu siku ya mazishi hakuna aliyeitikia salamu ya mwenziwe.

Maganga, wa kwanza, alijaliwa jicho la kupanga watu. Mpe ukoo mzima kwenye banda la kuku, atawaeneza wote na hakuna atakayekatwa sikio. Hamduni, kitinda mimba, alijaliwa mkono wa kompyuta; picha iliyoharibika ikipita kwake ilitoka imenawa uso. Na Nyanzala, wa katikati, alijaliwa kutokubali jibu la kwanza. Chungu kikivuja wengine hulaumu chungu. Yeye atakigeuzageuza mpaka auone ufa. Ndugu zake walikiita kipaji hicho umbea.

Mzee aliacha kamera moja ya kisasa, isiyotumia filamu, ile ya kulenga kwa kuchungulia kidirisha cha pembeni, na wasia wa mdomo: "Msiigawe. Mpeni atakayeupiga ukoo wote picha moja, kila mtu kwa rangi yake." Wasia ule aliuweka kwa dada yake, Shangazi Kalunde, mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani walimpisha njia.

Nyanzala aliitaka kamera ile mpaka usingizi ukamkimbia. Ndiye aliyembebea baba mkoba harusi hata harusi. Ndiye aliyeifuta vumbi mzee alipolala kitandani. Maganga alimwambia mbele za watu, "Kufuta vumbi si kupiga picha, dada. Ingekuwa hivyo, hata tambara lingerithi." Watu wakacheka. Nyanzala akalimeza neno lile, lakini halikushuka.

Siku ya mjane kutoka eda, ukoo ulikusanyika. Kwa desturi ya nyumba ile, siku hiyo mashangazi wawili huvaa nyeupe tupu na kuketi mmoja kila ncha ya mstari, kama wanaofunga mlango ili msiba usirudi. Ua wenyewe ulikuwa mwembamba. Mpiga picha akirudi nyuma anagonga choo. Maganga akaipachika kwenye kamera lenzi pana ya baba, ya enzi za filamu, lenzi inayomeza ua mzima. Akajibanza pembeni, mgongo ukutani, akaamuru: warefu wachutame, wajomba wabanane, mtoto anayelia apewe ndizi. Akabonyeza. Wote waliingia, hata jogoo. Jioni ile wa Kigoma wakapanda treni na wa Nzega wakashika njia. Na mjane, nyinyi mnajua, hatoki eda mara mbili.

Picha ilipofunguliwa kwenye kompyuta, ugomvi ukapata kuni. Waliokaa katikati walikuwa salama. Lakini kwenye ncha, Shangazi Kalunde na nguo yake nyeupe alikuwa zambarau, na mwenziwe wa ncha ya pili kijani kama embe bichi.

"Nimevaa zambarau kwenye msiba wa kaka yangu?" Shangazi aliuliza polepole. Waliomjua waliiogopa polepole ile. "Wifi zangu wakiiona hii, wataniimba mpaka Kiyama."

"Itakuwa sabuni, Shangazi," Maganga akasema. "Nguo imeshika rangi ya kanga."

"Na ukuta nao umefuliwa na kanga?" Nyanzala akauliza.

"Nani amekuita wewe?"

Hamduni akacheka kwa dharau. "Kaka, wewe kapige picha za vitambulisho. Nipisheni." Akaivuta zambarau itoke. Ikatoka kweli, na waliokaa katikati wote wakageuka kijani.

"Hongera," Maganga akamwambia. "Sasa umetuulia ukoo mzima."

Nyanzala hakucheka. Alikuwa akimtazama yule jogoo wa nchani, mweupe uani, zambarau pichani. Akakumbuka sauti ya baba: "Lenzi hii kisogo chake kinaingia ndani mno, mwanangu. Mwanga wa pembeni unaingia kiubavu. Filamu haikujali. Hii kamera ya kisasa inanuna."

"Hakuna nguo mbaya hapa," akasema. "Lenzi na kamera hazipatani. Nipeni zote mbili."

Maganga akaikumbatia lenzi. "Labda nife."

"Mpe," Shangazi akasema, "kabla sijainuka."

Nyanzala akaipachika lenzi vilevile, tundu la mwanga akaliacha kama Maganga alivyoliacha. Akachukua mfuniko mweupe wa kopo la aiskrimu, ule unaopitisha mwanga, akauweka mbele ya lenzi, akaielekeza mbinguni, akabonyeza. Picha ikatoka haina mtu, haina ukuta: weupe katikati, zambarau ncha hii, kijani ncha ile.

"Huu ndio ugonjwa," akasema, "bila mgonjwa."

"Amepiga picha ya mfuniko!" Hamduni akapiga makofi. Kisha akaitazama tena, na makofi yakamfia mikononi.

Hamduni akataka aachiwe kazi peke yake. Nyanzala akakataa kutoka chumbani. Naye Hamduni akakataa dada yake aguse hata kitufe kimoja. Basi wakakaa hivyo, mmoja ameketi, mmoja amesimama kisogoni kwake, wakipumuliana chuki. Hamduni akaziweka picha mbili pamoja, akaifundisha kompyuta: kila kilichozidi kwenye mfuniko, kipunguze kwenye ukoo, pale pale kilipo na kwa kiasi kile kile. Mara ya kwanza ikagoma. Akaitukana, akaanza upya. Zambarau ikaondoka kama masizi kwenye sufuria iliyosuguliwa majivu. Kijani kikafuata. Katikati hapakuguswa mtu.

Shangazi Kalunde akajiona mweupe kama alivyovaa. "Ndiye mimi," akasema.

Hapo ndipo walipotaka kushikana mashati.

"Bila mimi hakuna ukoo kwenye picha!" Maganga akafoka.

"Ulipiga ukoo au ulipiga kinyonga?" Nyanzala akamjibu. "Bila mimi wasingekuwa na rangi zao."

"Na bila mimi picha ungeisafisha kwa kitu gani, dada, kwa mate?" Hamduni akauliza.

Shangazi aliwasikiliza mpaka wakakaukwa koo. Akashindwa kukata shauri. Akaifungia kamera sandukuni.

Maganga alirithi lenzi, hana pa kuipachika. Hamduni alibaki na picha, akaisambaza kwa ukoo, jina lake peke yake chini. Nyanzala alipewa mkoba wa baba, mtupu. Na sasa Shangazi Kalunde hainuki kitandani, ufunguo wa sanduku uko shingoni mwake, na ameapa hafi kabla hajamkabidhi mmoja wao. Wote watatu wako mlangoni, hawasalimiani.

Je, wewe ungeamua vipi?