Kanga na Sheria ya Kunyonyoa

Paukwa, enyi wenye masikio!

Pakawa, wewe mwenye mdomo!

Hapo kale, wakati hata majani yaliogopa kunong'ona, Chura alimwendea Mama Kanga kichakani. Ndiye aliyempa habari kwanza.

"Shangazi, Kenge anakula mayai. Nimemwona."

"Nyamaza, mwanangu. Nyamaza."

Kanga wote walitaga katika kiota kimoja, na Kenge ndiye mlinzi. Mayai yakapungua, yakapungua. Lakini nani aseme? Zamani Kicheche alimzushia Njiwa wizi, Njiwa akahama kwa aibu. Ndipo ikatungwa sheria: atakayemtaja mwenzake kwa ubaya, atanyonyolewa manyoya. Ni kweli, si kweli, haikuulizwa. Kwale alisema kidogo tu. Sasa alijibanza uchi kwenye majani makavu, tetete, tetete, akitetemeka.

Mayai yalipozidi kupungua, baraza likakaa mbele ya Tembo, mwamuzi wa wanyama wote. Kenge akajilamba. "Kuna mwenye neno juu yangu?"

Mama Kanga akamtazama Kwale, akafumba macho. Akayakumbuka mayai, akayafumbua.

"Mimi ninalo. Kenge anakula mayai yetu."

Kenge akacheka. "Yai lako ni lipi, shemeji? Hulijui. Haya, amenitaja. Mnyonyoeni."

Fisi, askari wa baraza, wakamkamata. Chwa, unyoya. Chwa, mwingine.

"Mzee Tembo," Kanga akalia, "ninyonyoe. Lakini uliza kwanza kama ni kweli."

Tembo akawaashiria Fisi wangoje. Hakuwahi kuombwa hivyo. Akanyoosha mkonga mpaka mdomoni mwa Kenge. Fuu, akanusa. Fuu, tena.

"Yai," akasema. "Nani mwingine aliona?"

Chura akazama topeni, akaacha macho tu juu. "Niliona, babu."

"Mwachieni Kanga. Kuanzia leo anayesemwa apewe nafasi ya kujibu. Msema kweli asiguswe. Aliyekosea bila hila afute kauli yake mbele ya wote. Anayezua uongo huku akijua, huyo ndiye wa kuadhibiwa."

Kenge akafukuzwa. Akaingia majanini, chakacha, chakacha. Hakwenda mbali.

Jina la mtu lilindwe dhidi ya uongo, lisikingwe dhidi ya ukweli. Hilo ndilo funzo, na ngano yangu naitua hapa, Kanga akiwa kiotani asubuhi ya pili, ameatamia mayai yaliyobaki. Majani yakachakacha. Shingo ikamsisimka. Akapaza sauti, "Kenge, nimekuona," na kanga wote wakaja mbio.