Binti Aliyeliona Jina Lake

Hebu tulieni, wapendwa, niwaambie habari ya mwalimu mmoja wa darasa la saba, kwenye shule iliyo kando ya mashamba ya mkonge. Mwaka huo binti wa mkata mkonge alichaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu! Wa kwanza tangu shule ile ijengwe! Mwalimu aliibandika orodha ukutani, akaisoma mara nne kwa furaha.

Siku za kuripoti zikafika, binti haonekani. Ikabaki siku moja tu, halafu nafasi apewe mwingine. Mwalimu mkuu akamwambia asijisumbue. Kufundisha wamefundisha, mtoto kafaulu, na jina liko ukutani, mwenye macho aone. Mngekuwa ninyi, si mngeenda zenu kunywa chai?

Yule mwalimu alipanda baiskeli. Alikanyaga kama anayefukuzwa na nyuki, miiba ikimchana miguu, mpaka kambi ya wakata mkonge waliyohamia wazazi wa binti. Akamkuta binti na mama yake wanaanika katani. Kabla hajafungua mdomo kutoa habari njema, binti akamwamkia, kisha akainamisha kichwa.

"Jina nililiona, mwalimu. Siku ile ile mlipobandika."

"Uliliona? Sasa mbona hukuja?"

"Nilijua wamekosea. Sisi watu wa kambini hatuandikwi pale juu."

Miaka yote hiyo mwalimu alimfundisha hesabu, na hakuwahi kumwambia hata siku moja kwamba pale juu ni pake pia. Machozi yakamtoka mbele ya mama mtu.

"Hawajakosea," akasema. "Nimekosea mimi. Funga mizigo yako, mwanangu, kesho alfajiri nakupeleka mwenyewe."

Akampeleka, wapendwa! Wakaingia getini mlinzi akiwa na kufuli mkononi!

Mnapiga makofi? Ngojeni kwanza. Sisi hupenda kusema mwenye bidii atafika tu. Tunatangaza nafasi za masomo na ufundi hapa madhabahuni, tunarudi nyumbani tukijua tumemaliza. Na kusikia wamesikia! Lakini wale vijana wa benchi la mwisho, wanaotoka kabla ya salamu, nani amewafuata akawaambia kwamba ni wao wanaotafutwa? Mnayajua majina yao? Mimi mchungaji wenu, Mungu anisamehe, silijui hata moja.