Mzimu wa Kisima cha Mkwajuni

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama mnaumwa meno? Paukwa, nasema!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo kale, kale ya kweli, wanyama walipokuwa na mji wao, palikuwa na kisima kikavu chini ya mkwaju. Wazee walisema mle ndani mna mzimu. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali mzimu ule ulilia siku nyingi, "Jamani! Jamani!" Wakaupelekea mayai, wakaupelekea unga, mpaka ukanyamaza. Tangu hapo ikawa mila: upitapo, uutupie mzimu chochote. Lakini mzimu hautazamwi! Unaupa kisogo, unasogea kinyumenyume, unatupa kwa juu ya bega, kisha miguu niponye.

Basi asubuhi moja Nguchiro, mama wa watoto watatu wachanga, alikuwa akimkimbiza panzi. Panzi akaruka, Nguchiro naye akaruka. Panzi ana mabawa. Nguchiro hana. Pu! Akatua ndani ya kisima.

Hakuvunjika, lakini kuta zilikuwa za mawe laini, hazina pa kutia ukucha. Akaparamia, akateleza. Akaparamia, akateleza. Akatazama juu akaona mawingu meusi yanakusanyika. Mvua ikinyesha, maji yote ya kilima huteremkia mle kisimani. Na nyumbani watoto wanangoja kunyonya.

Akasikia nyayo. Alikuwa Kima.

"Jamani! Nimeanguka! Nisaidieni!"

Kima akageuka upesi, akakipa kisima kisogo. "Mama yangu! Mzimu umeamka!"

"Mzimu gani? Ni mimi, Nguchiro!"

"Lo! Hata majina yetu unayajua!" akasema Kima, na mbio akaenda kuutangazia mji.

Haukupita muda akaja Paa, shoga yake Nguchiro wa kufa na kuzikana. Alikuja kinyumenyume na bakuli la unga.

"Paa, shoga yangu, Mungu amekuleta! Chungulia!"

Paa akaanza kulia. "Ee, sauti ni ya marehemu shoga yangu hasa."

"Marehemu nani? Mimi ni mzima!"

"Wote husema hivyo," akasema Paa, akamwaga unga. Unga wote ukamwangukia Nguchiro, akawa mweupe tangu pua mpaka mkia. Akakohoa, akapiga chafya, machozi yakamtoka kwa hasira.

"Na wanangu je, Paa?"

"Tutawalea, marehemu. Wewe pumzika."

"Nipumzike! Ewe Paa, nipumzike na nini?" Lakini Paa alikwisha kwenda.

Mara ya tatu ukaja mji mzima, na mbele yao Ngiri, mlinzi wa mzimu. Mnajua kwa nini Ngiri alipewa kazi ile? Kwa sababu hata nyumbani kwake huingia kinyumenyume. Basi akaja makalio mbele, chetezo cha ubani mkono huu, kikapu cha mayai mkono huu.

"Mzee Ngiri," Nguchiro akasihi, "shikamoo. Geuka unitazame. Mara moja tu!"

"Babu zetu hawakugeuka," akajibu Ngiri. "Sisi ni nani hata tugeuke?" Akatupa yai. Yai likampasukia Nguchiro utosini.

Hapo subira ikamwisha. Akalipiga teke lile rundo la maganda ya mayai ya miaka yote. Mguu ukagonga kitu kigumu. Akafukua. Lilikuwa gamba la kobe, lenye ufa upande mmoja. Akalijua. Ni nani asiyelijua gamba la Mzee Kobe? Mzee Kobe alitoweka mwaka ule wa kiangazi, watu wakasema amehamia ukweni.

Mwaka ule ule mzimu ulipolia "Jamani! Jamani!"

Nguchiro akakaa chini. Alikuwa mtoto mwaka ule. Mama yake alimleta hapa amemshika mkono, na yeye akatupa yai lake kwa juu ya bega. Moyo ukamuuma sana.

Tone la mvua likamwangukia puani. Akasimama, akavuta pumzi, akanguruma kwa sauti nzito:

"Ngiri! Mzimu umechoka na mayai!"

"Labeka, ewe mzimu! Unataka nini?"

"Kamba! Ndefu! Ifungwe mkwajuni!"

"Lini, ewe mtukufu?"

"Sasa hivi, mpumbavu wewe!"

Loo, mngewaona! Jirani amelia tangu asubuhi, hakupata hata jicho moja. Mzimu umesema neno moja, mji mzima unagombania kusokota kamba. Kima akaifunga mkwajuni, Ngiri akaitupa kwa juu ya bega.

Nguchiro akapitisha ncha ya kamba kwenye matundu ya gamba, akakaza fundo. Kisha akapanda, huku maji ya kwanza yakichuruzika kisimani. Akatoka nje. Wote wamempa kisogo, wamefumba macho.

"Vuteni!" akasema. Wakavuta. Gamba likatoka, likaanguka nyuma ya visigino vya Ngiri.

"Geukeni."

Wakageuka. Wakamwona Nguchiro, mweupe kwa unga, ute wa yai unamchuruzika. Wakataka kukimbia.

"Atakayekimbia nitamng'ata! Mtazameni huyu. Mnamjua?"

Paa akaugusa ufa wa gamba, akasema kwa sauti ndogo, "Ni Mzee Kobe."

"Ndiye mzimu wenu. Alilia 'jamani', mkampa mayai. Na Kobe hakula mayai maisha yake yote."

Mvua ikawanyeshea. Kisha Kima akakuna kichwa, akauliza, "Sasa, ule mzimu wenyewe ulikuwa nani?"

Nguchiro akamtazama. Akaenda zake kunyonyesha wanawe.

Kima haelewi mpaka leo, mwacheni. Lakini Mzee Kobe walimzika wakilia, na Ngiri alilia kuliko wote. Bado huingia nyumbani kwake kinyumenyume, ila akipita pale kisimani hutanguliza uso, huinama na kuita, "Kuna mtu humo?" Halafu husubiri ajibiwe.

Basi wanangu, anayelia mtazame kwanza usoni. Sadaka inayotolewa kwa kisogo haimwokoi mtu.

Hadithi yangu naitua hapa, mzigo ni wenu sasa. Atakayeubeba aubebe uso ukiwa mbele.