Ukurasa Uliorukwa

Nyie ndugu zangu wa nyuma sogeeni, na anayebisha aniachie kwanza nimalize.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi wa kompyuta. Msinicheke, nimeelezwa nikaelewa. Visima vya siku hizi vina kompyuta, ndiyo inayoiambia pampu vuta, acha. Na kompyuta hiyo ina maelezo yake, kitabu kinene: ikifanya hivi, wewe fanya vile. Nani atakibeba mpaka kila kisima? Basi yule mama alikuwa na chombo ndani ya kompyuta yake ya ofisini. Anakipa maelezo, kinayageuza kurasa za kufungua kwenye simu, halafu kinapita neno kwa neno kupanga faharasa, yaani orodha ya kujua neno gani liko wapi. Ukiandika "pampu", zinakuja habari za pampu.

Maelezo yenyewe aliyaandika mwenzake wa ofisini, kaka mmoja ana mdomo huyo! Siku moja mbele ya watu akamwambia, "Dada, anayeandika ni mimi. Wewe kazi yako kubonyeza tu."

Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Mnakijua kile kicheko?

Akasema moyoni, sawa, nitabonyeza. Chombo kile kina mahali pa kuandika vitu vya kurukwa, visiingie kwenye faharasa. Akaiandika pale sura moja ya kitabu cha yule kaka, ile anayojivunia, ya pampu ikigoma. Hakufuta hata herufi. Sura ipo palepale, ila kwenye orodha haimo, na ukiitafuta haitokei. Akajiambia, "Nimemwonea nani? Si ipo?" Ikapita miezi minane. Yule kaka hana habari. Nani anatafuta alichokiandika mwenyewe?

Basi mama mkubwa wa yule fundi akafariki, kwao, mwendo wa siku nzima kutoka ofisini. Akafika msibani watu wamejaa, kaburi linachimbwa, na maji hakuna tone. Kisima chao nacho ni cha kompyuta zilezile: umeme ulikatika jana, umerudi, pampu imegoma. Marehemu hajaoshwa.

"Hajaoshwa? Na maelezo yapo?" Akajifunga kanga kiunoni, akaenda kisimani mwenyewe, shangazi zake wanamfuata na ndoo.

Akamkuta mama anayelinda pampu, simu mkononi, jasho linamtoka. "Nimetafuta tangu asubuhi, dada'angu. Nimeandika 'pampu imegoma', nimeandika 'umeme umekatika'. Hakuna kitu! Hao walioandika sijui walikuwa wamelala!"

"Lete hapa." Akaandika. Hakuna. Akaandika tena. Akakumbuka.

Wote waliosimama pale wanalaumu mtandao. Yeye peke yake ndiye anayejua. Angeweza kusema, "Kweli, mtandao mbaya," nani angembishia? Wewe ungesemaje, na shangazi zako wamekuzunguka, na maiti iko ndani inasubiri?

Akampigia yule kaka.

"Kaka, niko msibani. Pampu imegoma, umeme umerudi haitaki kuwaka."

"Oh, pole sana, dada. Lakini hiyo si niliiandika yote? Itafute tu, itatokea."

Shangazi wanasikiliza.

"Haitokei," akasema, na hakupunguza sauti. "Niliiruka mimi. Kwa makusudi, kwa lile neno lako la kubonyeza."

Yule kaka akasema, "Uko karibu na swichi kubwa? Izime. Hesabu mpaka sitini, polepole, ndipo uwashe. Hayo mengine tutayasema ukirudi. Na mimi langu lipo."

Wakahesabu, na shangazi nao wakahesabu. Bomba likakohoa, likatema kutu, likaleta maji. Mama mkubwa akaoshwa, akazikwa siku ileile.

Haya, sasa sisi. Sisi hatumfukuzi ndugu, thubutu! Tunamruka. Kadi za arusi zinaandikwa, jina lake tunalipita. Kikao cha ukoo, hakuambiwa. Kundi la familia la kwenye simu, hayumo. Ukiuliza unaambiwa, "Kwani nani kamkataza kuja? Si yupo?" Yupo, ndiyo! Yupo kama ile sura. Na yeye huko aliko anadhani mmebanwa na shughuli. Siku mtakapokwama, mnalolitafuta amelishika yeye, na mtasimama na ndoo zenu mnalaumu mtandao.

Msinijibu kwamba mmesamehe. Sikuulizi kama umemfuta. Nakuuliza hivi: tukimtafuta kwako, anatokea? Mungu hajaturuka hata mmoja humu ndani, na sababu za kuturuka anazo.

Wangu mimi ni mdogo wangu, anaitwa Namsifu. Miaka sita kadi za nyumba hii naziagiza mimi, na mimi ndiye ninayemruka. Nipigieni namba yake. Hapana, si baadaye. Nitaongea naye hapahapa, mkinisikia.