Hodi ya Vuai

Mmeshakaa? Basi tegeni masikio, ngano hiyo inaingia.

Palikuwa na ghuba iliyozibwa na jabali. Mlinzi wake alikuwa kasa mkongwe; kasa, si kobe, kwa maana kobe ni wa nchi kavu. Mtu mmoja aitwaye Vuai alikwenda huko kutazama kulasitara, wale ndege wa pwani, na pomboo.

"Hodi!"

"Hodi ya wangapi?" akauliza kasa.

"Ya mmoja, bibi."

"Karibu, mjukuu wangu. Tazama, usichukue."

Jabali likafunguka, wakala chumvi pamoja, ahadi ya kutosalitiana. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo.

Siku ya tatu, nyuma ya Vuai alijibanza shemeji yake na wavu.

"Hodi ya wangapi?"

"Ya mmoja. Leo huniamini, bibi?"

"Nakuamini. Karibu."

Walipoingia, shemeji akautupa wavu, ukamwangukia kasa.

"Vuai," akasema, "chumvi yangu ingali mdomoni mwako. Karibu hiyo ilikuwa yako ya mwisho duniani."

Kasa akageuka jiwe. Jabali likawatema nje, likajifunga.

Vuai akarudi kwake. Akabisha hodi mara tatu. Ndani mkewe alikuwa akicheka na wanawe, wala hawakumsikia. Angali anabisha.

Ngano yangu imefika kizingitini. Mkisikia hodi, ulizeni kwanza ni ya wangapi.